Utunzaji wa Chenso: Kuchunguza na Kurekebisha Sehemu Zilizolegea au Kupotea
Mazungumzo kwa wakazi wa kata, Kilosa na Mikumi



Katika vijiji vilivyo kandokando ya barabara itokayo Kilosa kupita Ulaya hadi Mikumi, mlio wa msumeno wa mnyororo, ambao watu wengi huuita chenso, unafahamika hata kwa watoto wadogo. Chenso ndiyo huondoa mti ulioangukia njia wakati wa masika. Chenso ndiyo hukata magogo yatakayokuwa milango, vitanda na madawati. Hufanya kwa dakika chache kazi ambayo shoka lingeifanya kutwa nzima. Walakini ni nadra kumwona mwenye chombo hiki akikikagua kabla hakijagoma. Aghalabu hukiangalia siku kilipokataa kuwaka, na siku hiyo mara nyingi bolti moja imekwisha kupotea muda mrefu, na nyingine mbili zinacheza.

Mazungumzo haya yanahusu bolti hizo. Hayahusu injini iliyokufa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya fundi mwenye karakana. Yanahusu nati, skrubu, springi na vifuniko, vitu ambavyo mtumiaji mwenyewe anaweza kuviona kwa macho na kuvigusa kwa vidole, na ambavyo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara inayoletwa na kukosekana kwake.

Kwanza yafaa kuelewa kwa nini vitu hivi hulegea. Injini ya chenso ni ya silinda moja na ya mipigo miwili. Inapopewa mafuta kikamilifu huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na mnyororo wake hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde. Kwa hesabu ya barabarani huo ni mwendo wa kilomita 72 kwa saa, unaozidi kidogo kikomo cha kilomita 70 ambacho madereva hutakiwa kukifuata mchana wanapopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mashine inayotetemeka kwa kiasi hicho saa kwa saa haina budi kuzisukuma nati zake nje kidogo kidogo. Isitoshe, bolti zake ni za chuma ilhali mwili wake ni wa madini mepesi ya jamii ya alumini, na vitu hivyo viwili havitanuki kwa kiasi kimoja vinapopata moto. Bolti iliyokazwa vizuri asubuhi yaweza kuwa imelegea jioni bila mtu kuigusa.

Sababu ya tatu ni mkono wa binadamu. Wapo wanaokaza kwa koleo badala ya spana, na vichwa vya nati vikawa mviringo kama vidonge. Wapo pia wanaoamini kwamba kukaza ni kutumia nguvu zote, hata meno yaliyo ndani ya tundu yakakatika. Alumini ni laini. Tundu likishaliwa meno, bolti haitashika tena hata ikiwa mpya, na kazi ambayo ingekuwa ya kubadili skrubu moja inageuka kuwa ya kuchonga tundu upya na kutia springi ya meno ndani yake.

Ukaguzi hufanywa mashine ikiwa baridi, imezimwa, na waya wa plagi umechomolewa. Sharti hili la waya lisidharauliwe, kwani injini yenye joto yaweza kushika kwa kuvutwa kamba kidogo tu. Chini hutandikwa gunia safi au kitambaa cheupe, ili kila kidude kinachodondoka kionekane. Kisha vumbi la mbao na oili iliyoganda huondolewa kwa brashi. Wengi huruka hatua hii, nao hukosea, maana uchafu wenyewe ni shahidi. Nati iliyolegea huacha alama ya kung'aa pembeni mwake pale inapojisugua, na ekzosi iliyoachana na silinda huchora mstari mweusi wa masizi mahali moshi unapovujia. Anayefuta kabla ya kutazama amefuta ushahidi.

Baada ya kutazama hufuata kutikisa. Mpini wa mbele hushikwa kwa mkono mmoja na wa nyuma kwa mwingine, kisha husukumwa huku na huku. Mipini ya chenso za siku hizi haikushikamana na injini moja kwa moja. Imetenganishwa nayo kwa springi au vipande vya mpira vinavyomeza mtetemo, hivyo kucheza kidogo ni kawaida yake. Kinachotafutwa ni kucheza kusiko sawa, upande mmoja ukienda mbali kuliko mwingine, au mlio wa kugonga chuma kwa chuma. Hiyo ni dalili kwamba springi imekatika au bolti yake imetoka. Mashine ya namna hiyo bado itakata, na kwa sababu hiyo wengi huendelea nayo, lakini mnyororo hautafuata tena mahali mkono unapoelekeza. Mtetemo nao huingia moja kwa moja mwilini. Mtu anayeshika mtetemo mkali miaka mingi hupata ganzi ya vidole isiyoponyeka kirahisi, na wazee waliofanya kazi hiyo siku nyingi wanaijua bila kuambiwa na daktari.

Upande wa mnyororo ndio wenye visa vingi. Kuna bapa refu la chuma ambalo mnyororo huzunguka juu yake, mafundi huliita baa, nalo hushikwa na nati moja au mbili kubwa nje ya kifuniko cha pembeni. Nati hizo zikilegea baa hucheza, mnyororo hulegea, kisha huruka nje ya njia yake. Mtumiaji asiyejua chanzo huufunga tena mnyororo mara kumi kwa siku, akilaumu mnyororo. Utaratibu sahihi ni kulegeza nati kidogo, kuinua ncha ya baa kwa mkono, kukaza skrubu ya mvuto mpaka mnyororo ulale vema chini ya baa, na kuzikaza nati huku ncha ikiwa bado imeinuliwa. Mnyororo uliokazwa vizuri huvutika kwa mkono wenye glovu bila kukwama, wala hauning'inii. Ukikazwa ukiwa wa moto lazima ulegezwe kazi inapokwisha, kwa kuwa chuma kikipoa hujikunja, na mnyororo uliojikunja huivuta ekseli ya injini usiku kucha.

Zipo chenso ambazo nati hizo zimepotea na mahali pake pakafungwa nati ya pikipiki iliyolazimishwa. Huo ni ufundi wa hatari. Meno ya nati na meno ya bolti yasipolingana, nati hushika kwa mizunguko miwili ya mwanzo tu, nayo huonekana imekaza hali haijakaza. Anayekwenda dukani kununua nati au bolti aende na ile iliyobaki kama kielelezo, ailinganishe kwa unene, kwa urefu na kwa nafasi ya meno. Urefu nao si jambo dogo. Skrubu ndefu kupita kiasi yaweza kupenya hadi ndani na kugusa klachi au mwili wa injini, na uharibifu wake ukawa mkubwa kuliko wa tundu kubaki wazi.

Sasa kuna kidude kimoja ambacho mazungumzo haya yangeweza kuwa juu yake peke yake. Chini ya mahali baa inapoingia katika mashine kuna kipande kidogo cha alumini au plastiki, kimejitokeza kama kidole gumba. Watumiaji wengi hawakijui kwa jina, na wapo wanaodhani ni mabaki ya kiwandani. Kazi yake ni kuudaka mnyororo. Mnyororo unapokatika au kuruka haubaki ukining'inia. Hurudi nyuma kama mjeledi, kwa mwendo ule ule wa kilomita 72 kwa saa, ukielekea mkono wa kulia ulioshika mpini wa nyuma. Kidude hicho ndicho huukamata na kuufupisha kabla haujafika kwenye vidole.

Chukulieni mfano wa kijana aliyekodishiwa chenso na mwenye mali akapasue magogo mawili. Mashine imepita mikononi mwa watu wanne kabla yake. Kidaka mnyororo kilivunjika zamani, skrubu yake ikatupwa, na kwa kuwa mashine iliendelea kukata hakuna aliyekiulizia. Mwenye mali hakumwambia kijana, pengine kwa sababu naye hajui. Kijana anafanya kazi salama wiki tatu. Siku ya mnyororo kukatika hakuna cha kuudaka, na kutoka msituni hadi hospitalini, iwe Kilosa mjini au Mikumi, ni mwendo mrefu juu ya pikipiki kwa mtu mwenye mkono uliofungwa shati. Mfano huu haukutiwa chumvi. Kila sehemu yake ni jambo la kawaida, na skrubu iliyokosekana haina uzito wa sarafu.

Hapa inapasa kusemwa wazi ni nani mwenye wajibu. Mazoea ya vijijini ni kumwachia mpasuaji kila kitu, chenso ikimkata alaumiwe kwa uzembe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 haioni hivyo. Inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba vifaa vya kazi ni salama na kwamba mfanyakazi amepewa vifaa vya kujikinga. Mwenye chenso anayemlipa kijana kwa ubao anaokata asidhani kwamba kwa kutoandikishiana karatasi amejivua wajibu huo. Kijana naye ana haki ya kuikataa mashine isiyo na kidaka mnyororo, isiyo na breki, au isiyo na kinga ya mkono wa mbele, na si adabu mbaya kuikataa.

Breki yenyewe hujaribiwa kila asubuhi. Ile kinga iliyo mbele ya mpini wa juu haikuwekwa kwa ajili ya kuzuia vumbi. Ikisukumwa mbele hukaza ukanda wa chuma unaozunguka ngoma ya klachi, na mnyororo husimama papo hapo. Ncha ya baa inapogusa gogo au tawi ambalo halikuonekana, chenso hurushwa juu kuelekea uso wa mtumiaji, na breki ndiyo huokoa. Kinga iliyovunjika na kufungwa kwa waya haiwezi kukaza ukanda huo. Katika orodha ya marekebisho ya waya, mpira wa baiskeli na misumari ambayo fundi yeyote wa vijijini ameyaona, hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu machoni linaonekana limetengenezwa.

Dalili nyingine husikika kabla ya kuonekana. Injini inayonguruma juu yenyewe bila kuongezwa mafuta, kisha ikazimika ghafla, mara nyingi inavuta hewa mahali pasipostahili. Chanzo huwa skrubu za kabureta zilizolegea, au mpira unaounganisha kabureta na silinda umetoka katika kishikio chake. Hewa ikizidi, mchanganyiko unakuwa mkavu, nao mchanganyiko ndio unaobeba oili ya kulainisha pistoni. Watu wengi hukimbilia kuchezea skrubu ndogo za kurekebisha kabureta, wakafanikiwa kuituliza sauti kwa siku mbili huku pistoni ikiungua ndani. Kukaza skrubu mbili kungemaliza neno. Ikiwa mnyororo unazunguka wakati injini imetulia, kwanza mwendo wa utulivu upunguzwe. Ukiendelea, springi ya klachi imelegea au imekatika, na mashine isitumike mpaka ibadilishwe. Anayeifungua klachi akumbuke kwamba katika chenso nyingi hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kukaza, kinyume cha bolti za kawaida. Klachi nyingi zimevunjwa na watu wenye nguvu wasiojua hilo.

Mnyororo mkavu unaotoa moshi huashiria kwamba oili haifiki. Tundu la oili kwenye baa huwa limezibwa na unga wa mbao, au kibomba cha oili kimechomoka. Jambo hili ni jepesi. Baa huvuliwa, tundu huzibuliwa kwa kijiti chembamba, na mfereji wa pembeni husafishwa.

Ekzosi inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa kosa lake haliishii kwa mwenye mashine. Bolti za ekzosi ndizo hulegea mapema kuliko zote kwa sababu ya joto. Zikilegea, sauti hubadilika ikawa kali na ya kupasuka, moshi wa moto huvuja pembeni, plastiki iliyo karibu huyeyuka. Hukazwa mashine ikiwa baridi, na gasketi iliyoungua hubadilishwa. Ndani ya mdomo wa ekzosi mnapaswa kuwa na wavu mdogo wa chuma unaozuia cheche. Katika chenso nyingi wavu huo haupo. Uliondolewa makusudi, kwa maelezo kwamba unaifanya mashine ikose nguvu.

Maelezo hayo yana ukweli nusu. Wavu huziba masizi, hasa oili ikizidishwa katika petroli, na ukiziba injini huchoka. Dawa yake ni kuutoa, kuusugua kwa brashi ya waya na kuurudisha, kazi isiyofika nusu saa, pamoja na kupima oili kama kitabu cha mashine kinavyosema. Kwa chenso nyingi za sasa ni mililita 100 za oili ya mipigo miwili katika lita 5 za petroli. Kuutupa wavu ni kuruhusu cheche zitoke msituni wakati wa kiangazi, majani ya miombo yakiwa yamekauka chini kama karatasi.

Wakazi wa Kilosa wana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Tangu 2012 vijiji kadhaa vya wilaya vimekuwa vikiandaa uvunaji endelevu wa misitu yao ya asili, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, yaani TFCG, pamoja na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania, MJUMITA. Katika utaratibu huo eneo la mkaa hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, hiki kikavunwa na jirani yake kikaachwa, na kitalu kilichovunwa hupumzishwa kwa mzunguko wa miaka 24. Msitu hurudi kwa machipukizi ya visiki vile vile vilivyokatwa. Moto ukipita mwaka wa kwanza au wa pili, machipukizi huungua, na hesabu ya miaka 24 huanza upya. Kamati ya Maliasili ya Kijiji inayokagua kibali cha mvunaji kwa makini, kama Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inavyotaka kuwapo kwa utaratibu, ingefanya vema kuchungulia pia mdomo wa ekzosi ya mashine yake.

Chenso zenyewe zimetoka mbali. Ile ya petroli aliyoitoa Andreas Stihl nchini Ujerumani mwaka 1929 ilikuwa na uzito wa kilo 46 na ilibebwa na watu wawili, kama ule msumeno wa shimoni ambao wazee wanaukumbuka, mmoja juu ya gogo na mwingine chini akimwagiwa unga machoni. Wepesi wa mashine za leo umepatikana kwa kutumia vipande vyembamba vilivyokusudiwa kukaa vyote mahali pake. Hakuna kipande cha ziada.

Kwa anayetaka kujifunza zaidi ya haya, Chuo cha Ufundi Stadi cha VETA kipo Mikumi, na kijana aliyefunzwa injini hapo hatashindwa na ya silinda moja. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyotaka kuanzisha karakana ya kutengeneza mashine ndogo vinaweza kuuliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Karakana yenye sanduku la nati, skrubu, springi na vidaka mnyororo vya saizi mbalimbali ingewaondolea wapasuaji safari ya Morogoro mjini, safari ambayo kwa hakika ndiyo inayowafanya wengi wachague waya.

Baada ya marekebisho yote, mashine huwashwa na kuachwa ivume kama dakika tatu, kisha huzimwa na kuachwa ipoe. Nati za baa, bolti za ekzosi na skrubu za mipini hukazwa tena mara moja zikiwa baridi. Tangi la kwanza la mafuta likiisha hukaguliwa mara ya pili. Namba ya mashine, idadi ya viungo vya mnyororo na saizi ya kila bolti iliyobadilishwa huandikwa katika daftari linalokaa pamoja na spana, ili atakayetumwa dukani siku nyingine asiende akieleza kwa vidole.